Mwaka wa Gari na Mwaka wa Namba

Mwezi uliopita alinijia nyumbani mzee wangu mmoja, mwalimu aliyenifundisha shahada ya kwanza na ambaye sasa amestaafu. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa, na ndani yake ameandika magari matatu. Yote ni Mercedes-Benz E-Class, yote ya umbo lile lile la taa nne za mviringo, yote yapo katika yadi moja jijini Dar es Salaam. La kwanza limetengenezwa mwaka 2004, la pili 2006, la tatu 2008.

"Mwanangu," akaniambia, "hili la 2004 ndilo la bei nafuu, tena lina namba D. La 2008 limewazidi wenzake bei kwa milioni sita, na namba yake ni C. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa."

Fedha aliyokusudia kuitumia ni sehemu ya kiinua mgongo chake. Hatapata nyingine kama hiyo.

Najua wapo wasomaji watakaouliza mstaafu anatafuta nini katika Benzi, na kwa nini asinunue gari dogo atulie. Swali hilo lina historia. Baada ya uhuru wananchi wa Afrika Mashariki walibuni neno "wabenzi" kuwasuta wakubwa waliojitenga nao kwa magari ya kifahari. Leo wakubwa wamehamia kwenye mashangingi, na Benzi ya miaka ishirini iliyopita imeshuka hadi kufikiwa na mwalimu mstaafu. Mtu aliyepanda daladala kwenda kufundisha kwa zaidi ya miaka thelathini ana haki ya kuketi kwenye kiti cha ngozi akipenda. Hoja yangu ni nyingine: anauziwa nini hasa, na nani anawajibika kumwambia?

Tuanze na namba. Nchini mwetu tumezoea kulipima gari kwa herufi za usajili. Mwenye namba E humtazama wa namba C kwa jicho la huruma. Lakini herufi hizo hutueleza jambo moja tu: gari lilisajiliwa lini hapa nchini. Gari lililozunguka Japani au Uingereza kwa miaka kumi likaja kusajiliwa kwetu likiwa limechoka litapata namba mpya kuliko jirani yake aliyekuja mapema akiwa na afya njema. Ndivyo ilivyokuwa kwenye karatasi ya mzee wangu: gari kongwe kuliko yote ndilo lenye namba changa. Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda. Hapa hata upya wenyewe ni wa kibati tu.

Hata mwaka unaotajwa na muuzaji unahitaji kuhojiwa. Hati za Japani huonyesha tarehe ya kusajiliwa mara ya kwanza, tena kwa kalenda yao ya enzi za wafalme, ambapo mwaka wa 20 wa Heisei ni 2008. Kutengenezwa na kusajiliwa vinaweza kupishana kwa miezi, na miezi hiyo wakati mwingine ndiyo inayobeba uzito wote.

Tazama toleo hili tunalolizungumzia, ambalo kiwanda hulitambua kwa jina la W211. Lilianza kuuzwa mwaka 2002 likiwa na mfumo wa breki za umeme ulioitwa SBC. Dereva anapokanyaga pedeli, kompyuta ndiyo inayoamua nguvu ya kupelekwa kwenye kila gurudumu. Pampu ya mfumo huo ina kihesabu kinachoandika kila mara breki inapotumika, na idadi iliyowekwa ikitimia, gari hutoa onyo na pampu hulazimika kubadilishwa. Mfumo ukishindwa kabisa, hubakia breki za dharura za magurudumu ya mbele tu, na gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Mercedes-Benz wenyewe waliyaita magari mengi yarudi kukaguliwa mwaka 2004 kwa ajili ya mfumo huo, na toleo lilipofanyiwa maboresho katikati ya mwaka 2006 waliuondoa, wakarudi kwenye breki za kawaida.

Je, basi la 2006 ndilo jibu? Si lazima. Kwanza, huenda likawa limetoka kiwandani kabla ya maboresho hayo. Pili, injini za V6 za miaka ya mwanzo ya toleo, zijulikanazo kama M112, zina sifa ya uimara. Zilizozirithi, M272, katika uzalishaji wake wa awali zilikuwa na gia ya shafti ya kusawazisha mtikisiko iliyolika mapema, na kuibadilisha hulazimu injini ishushwe. Kasoro hiyo ilirekebishwa baadaye. Kwa hiyo la 2004 lina injini ya kuaminika na breki za mashaka. La 2006 laweza kuwa na breki njema na injini ya mashaka. La 2008 limeepukana na yote mawili. Milioni sita zile zina maelezo, ila hayaandikwi kwenye kioo cha gari.

Nikamwambia mzee wangu: kama magari yametunzwa sawa, chukua la 2008. Lakini la 2004 lenye risiti ya pampu mpya na mmiliki aliyelitunza ni bora kuliko la 2008 lililotelekezwa. Mwaka unakuambia kasoro gani uzitafute. Hali ya gari huijui mpaka fundi alifungue.

Sasa niwageukie watunga sera. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilizuia yaliyozidi miaka kumi na mitano. Sisi hatukuzuia, bali tunatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu kuanzia miaka minane na kuupandisha likizidi kumi. Sina ugomvi na lengo. Moshi na ajali ni mambo halisi. Lakini nchi zote tatu zimeufanya umri kuwa kipimo kikuu bandarini, na gari likishavuka geti mnunuzi wa pili na wa tatu huachwa mikononi mwa dalali. Serikali imeujua mwaka wa gari siku ya kukokotoa kodi; raia naye anastahili kuujua siku ya kutoa fedha yake.

Napendekeza jambo dogo. Kila yadi ilazimishwe kubandika kwenye gari, kwa Kiswahili, karatasi moja yenye tarehe ya kusajiliwa mara ya kwanza, namba ya chasisi, kilomita zilizoandikwa wakati gari linaingia nchini, na kama kiwanda kiliwahi kuliita likaguliwe. Sehemu kubwa ya taarifa hizi tayari imo kwenye nyaraka za forodha, na muuzaji atakayeandika uongo atakuwa ameacha ushahidi kwa maandishi yake mwenyewe.

Mzee wangu alirudi yadi akaomba namba za chasisi za magari yote matatu. Dalali alicheka, akamwambia gari ni kali, karatasi za nini? Mzee akavaa kofia yake akaondoka. Wiki iliyofuata mmiliki wa lile la 2008 alimpigia simu mwenyewe, akakubali lipelekwe kwa fundi. Hadi ninapoandika haya bado hajalipa, anasubiri majibu.