Programu za simu: chomeni bambo kabla ya kutoa fedha

HAKUNA mfanyabiashara wa nafaka anayenunua gunia kwa kulitazama mdomoni. Huchukua bambo, akalichoma gunia ubavuni na chini, akamimina punje kiganjani na kuzikagua. Akikuta pumba au mahindi yaliyooza, bei inashuka au biashara inafia pale pale.

Lakini mfanyabiashara huyo huyo akialikwa kwenye ukumbi wa hoteli kuonyeshwa programu mpya ya simu inayotafuta wanahisa, bambo huliacha nyumbani. Hutazama mdomo wa gunia, hupiga makofi, kisha huuliza hisa zinauzwaje.

Safu hii inaona kwamba hapo ndipo mitaji midogo inapopotelea. Mtu aliyeweka akiba miaka mitano hapaswi kuitoa kwa sababu ya picha nzuri ya dakika kumi ukutani.

Maonyesho haya yanafanana. Kompyuta ya mkononi inaunganishwa na projekta, na ukutani inatokea picha ya simu inayong'aa. Betri imejaa, mtandao una vijiti vyote, hakuna ujumbe wa mdeni unaoingia kuvuruga shughuli. Kijana nadhifu anabofya, mchele unaagizwa, malipo yanakubali, na risiti inatokea kabla hujapepesa jicho.

Kinachoonekana pale mara nyingi si simu. Ni emuleta, yaani programu ya kompyuta inayojifanya simu. Google hutoa emuleta ya Android bure ndani ya Android Studio, na Apple ina chombo kinachofanana nayo ndani ya Xcode.

Tuwe wa haki. Chombo chenyewe hakina kosa lolote. Muundaji mdogo hawezi kununua kila aina ya simu iliyoko sokoni, hivyo emuleta humsaidia kujaribu kazi yake kwenye vioo vikubwa na vidogo, na kwenye matoleo ya Android mapya na ya zamani. Ukumbini pia, picha kubwa na safi ni bora kuliko kijana kuinua simu juu mbele ya watu hamsini.

Tatizo ni kwamba emuleta ni mtiifu mno. Ukiiamuru ionyeshe betri imejaa, itaonyesha. Ukiiambia iko Mwanza, itasema iko Mwanza huku imekaa juu ya meza mtaa wa Posta, Dar es Salaam. Ukitaka ipokee ujumbe mfupi kutoka namba yoyote, unauandika mwenyewe na inaupokea.

Hata simu halisi zinaweza kupambwa. Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, Android ina hali maalumu ya maonyesho inayopanga saa, betri na vijiti vya mtandao kama mwonyeshaji apendavyo, na kuficha taarifa zote zinazoingia.

Hayo ni mapambo tu, na hayamwibii mtu. Yanayomhusu mwekezaji ni mambo matatu ambayo emuleta haiyaonyeshi.

Kwanza ni kasi. Emuleta hutumia prosesa na kumbukumbu ya kompyuta iliyoibeba. Kompyuta nzuri ya muundaji ina nguvu kuliko simu ya bei ya chini iliyo mkononi mwa muuza duka wa Manzese. Programu inayoteleza ukutani yaweza kukwama kwenye simu hiyo, na mteja aliyesubiri mara mbili harudi mara ya tatu.

Pili ni mtandao. Emuleta hupata intaneti kupitia kompyuta, na kompyuta imeshika Wi-Fi ya hoteli. Muundaji mwaminifu anaweza kuiamuru emuleta iige mtandao wa polepole, kwani uwezo huo upo. Ni mara ngapi umeona akifanya hivyo mbele ya wawekezaji?

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni fedha. Emuleta haina laini ya simu. Huwezi kubonyeza nyota na reli ukaingia kwenye menyu ya M-Pesa ukatoa shilingi. Kwa hiyo maneno "malipo yamepokelewa" yanapotokea ukutani, huwa yametoka sehemu moja kati ya tatu: simu halisi ya mtu imepokea ombi na mwenyewe akaweka namba ya siri, au mfumo umeunganishwa na mazingira ya majaribio, au muundaji ameyaandika mwenyewe yatokee kila kitufe kinapobofywa.

Mazingira ya majaribio ni jambo la kawaida katika kazi hii. Safaricom ya Kenya, kwa mfano, ina mazingira hayo kwenye jukwaa lake la Daraja, yaliyotengwa na mfumo wenye fedha za wateja. Kufaulu humo ni hatua nzuri. Lakini kufaulu kwenye majaribio si sawa na kuruhusiwa kugusa fedha za watu, na ukumbini vyote viwili vinafanana kama shilingi kwa ya pili.

Basi swali la kuuliza ni jepesi: simu ya nani imekatwa hela sasa hivi?

Wapo watakaosema kwamba kila bidhaa kubwa ilianza kwa onyesho lililopambwa. Ni kweli. Steve Jobs alipoonyesha iPhone kwa mara ya kwanza Januari 2007, simu zile zilikuwa bado hazijakaa sawa. Baadhi ya wahandisi wake walisimulia baadaye kwamba hatua za onyesho zilipangwa kwa utaratibu maalumu ili simu isizime, na kwamba vijiti vya mtandao viliwekwa vionekane vitano wakati wote.

Lakini simu yenyewe ilikuwepo, na Juni 29 mwaka huo huo watu walipanga foleni wakainunua madukani.

Tazama sasa upande wa pili. Januari 2018 kampuni ya Nikola ya Marekani ilitoa video ya lori lake likikimbia barabarani. Septemba 2020 ikajulikana kwamba lori lile halikuwa likiendeshwa kwa nguvu zake. Lilivutwa hadi juu ya mteremko, likaachiwa lishuke lenyewe.

Mwanzilishi wake, Trevor Milton, alitiwa hatiani mwaka 2022, na waendesha mashtaka walieleza kwamba walioumizwa ni wawekezaji wadogo wadogo. Alihukumiwa kifungo cha miaka minne Desemba 2023, kisha akapewa msamaha wa rais Machi 2025. Kampuni yenyewe iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi Februari 2025. Msamaha ule haukurudisha thamani ya hisa mikononi mwa waliozinunua kwa bei ya juu.

Maonyesho yote mawili yalipambwa, na mtu aliyekaa kwenye kiti cha nyuma asingeweza kuyatofautisha kwa macho. Tofauti ilikuwa nyuma ya pazia. Ndiyo maana tunasema macho hayatoshi, lazima bambo.

Bambo la programu ya simu halihitaji mtaalamu. Omba iwekwe kwenye simu yako mwenyewe, ile ya kila siku iliyojaa picha za harusi na nyimbo. Ukiambiwa bado haijawa tayari kwa simu za watu, umeshajua umri wa biashara unayouziwa.

Zima Wi-Fi, tumia bando lako. Katikati ya malipo, kata data kisha irudishe. Tazama kama unakatwa mara mbili, au kama oda inaning'inia bila mwenyewe.

Lipa shilingi 1,000 ya kwako. Subiri ujumbe wa kampuni ya simu, si wa programu. Kisha omba urudishiwe, na uhesabu siku. Biashara nyingi zinajua kupokea. Kurudisha ndiko kunakoonyesha kama nyuma kuna watu wanaofanya kazi.

Kosea kwa makusudi. Ingiza namba pungufu, agiza magunia sifuri, bofya kitufe mara tatu. Onyesho hufuata njia iliyofagiliwa, lakini wateja wako hawatafuata njia hiyo.

Mwisho, uliza majina yanayopita ukutani ni ya nani. Wateja wa mfano hutungwa, na hilo linaruhusiwa. Ila kama unaambiwa maduka yameshajiunga, omba uende kwenye maduka matatu ukaulize wenyewe.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye karatasi. Kwa hapa Tanzania, anayetoa huduma ya malipo anahitaji leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, au afanye kazi kupitia aliyenayo. Anayeuza hisa kwa umma anahitaji idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, pamoja na waraka wa matarajio. Hata TOL, kampuni ya kwanza kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, haikuuza hisa zake kwa projekta.

Tuna neno pia kwa vijana waundaji, maana wengi wao ni waaminifu na hawana mtaji. Pambeni kioo kadiri mnavyoweza: safisheni picha, ficheni ujumbe binafsi, pangeni hatua zenu. Lakini semeni mapema, kwa sauti: "Hii ni emuleta, na malipo haya ni ya majaribio." Kisha toeni simu ya bei ya chini mfukoni, muonyeshe kile kinachofanya kazi leo, hata kama ni theluthi moja ya mnachokusudia.

Mfanyabiashara haogopi kitu ambacho hakijakamilika. Amenunua mashamba ya mikorosho kabla ya maua, na nyumba zikiwa msingi. Anachoogopa ni kuuziwa msingi kwa bei ya nyumba.

Gunia zuri halikimbii bambo. Mwenye programu akianza kutoa visingizio pale unapoitoa simu yako mfukoni, ndugu msomaji, kunywa soda yake, mshukuru kwa mwaliko, na urudi dukani na fedha zako.