Salfa Majarubani: Madai Manne ya Kijiweni

Ukifika wakati wa kukuzia mpunga, kila kijiwe cha wakulima hupata daktari wake wa mbolea. Kuhusu salfa, madai manne hayakosi.

“Mpunga umepauka? Ongeza urea.” Tazama kwanza jani lipi limepauka. Nitrojeni ikipungua, majani ya chini hutangulia kuwa njano, maana mmea huyanyang’anya ili ulishe machanga. Salfa haihamishiki kirahisi hivyo. Ikipungua, machanga ndiyo hutangulia. Hapo urea si dawa: ina nitrojeni asilimia 46, salfa hakuna.

“Salfa ni salfa, nunua yenye asilimia kubwa.” Salfa tupu ya chengachenga hufika asilimia 90, SA (salfeti ya amonia) 24, jasi kama 18. Lakini mzizi haunywi salfa tupu, hunywa salfeti. Bakteria ndio wanaoigeuza, nao wanataka hewa. Jaruba lililojaa maji lina hewa kwenye utando mwembamba wa juu na kandokando ya mizizi tu. Salfa tupu imwagwe mapema, kabla ya kufungulia maji. Mpunga ukishapauka, SA au jasi ndizo za kukimbilia.

“SA huozesha mizizi.” Hili lina chembe ya ukweli. Salfeti ikizama kwenye tope lisilo na hewa hugeuka salfaidi, na ile gesi inayonuka yai viza huua mizizi. Wajapani wanaujua mpunga unaostawi mwanzoni kisha ukadhoofika: wanauita *akiochi*. Ila hutokea zaidi kwenye udongo uliopungukiwa chuma. Chuma kikiwepo kwa wingi, huikamata salfaidi ikabaki weusi tu kwenye tope. Basi mwaga SA juujuu, usiizike, wala usifukie mabua mengi mabichi. Harufu ikizidi, toa maji siku chache udongo upumue.

“SA ni hasara, nitrojeni yake haba.” Kweli, mfuko wa kilo 50 una nitrojeni kilo 10.5, wakati wa urea una 23. Lakini ule wa SA una pia salfa kilo 12. Mpunga huchukua salfa takriban kilo 2 kwa kila tani ya mavuno. Tani 5 kwa hekta ni kilo 10. Mfuko mmoja wa SA kwa hekta unalipa deni hilo, na nitrojeni iliyobaki itoke kwenye urea. Nani alisema lazima uchague moja?