Cressida Dick na swali la nani humwajibisha Kamishna wa Polisi London

Februari 10, 2022, Cressida Dick alitangaza kujiuzulu ukamishna wa Polisi wa London, miezi michache tu baada ya mkataba wake kuongezwa hadi mwaka 2024. Hakupewa barua ya kufukuzwa. Meya wa jiji hilo, Sadiq Khan, aliweka wazi kuwa hakuridhishwa na mpango wake wa kurekebisha mienendo ndani ya jeshi hilo, naye akaona hana namna ya kubaki.

Dick alijiunga na jeshi hilo mwaka 1983 akiwa konstebo, na Aprili 2017 akawa mwanamke wa kwanza kuliongoza tangu lilipoundwa mwaka 1829. Julai 22, 2005, ndiye aliyesimamia operesheni ambayo askari walimuua kwa risasi Jean Charles de Menezes, raia wa Brazil asiye na hatia, katika kituo cha treni cha Stockwell, wakimdhania kuwa mlipuaji. Mwaka 2007 wazee wa baraza walilitia jeshi zima hatiani kwa kukiuka sheria ya usalama, huku wakieleza kuwa Dick binafsi hakustahili lawama. Familia ya marehemu haikukubali, na ilipinga uteuzi wake miaka kumi baadaye.

Kilichomng'oa, hata hivyo, ni mambo ya karibu zaidi. Machi 2021 Sarah Everard aliuawa na askari aliyekuwa bado katika utumishi. Februari 2022 zikaanikwa jumbe za kibaguzi na za kudhalilisha wanawake walizotumiana askari wa kituo cha Charing Cross.

Kisheria, Meya anaweza kumtaka Kamishna ajiuzulu kwa ridhaa ya Waziri wa Mambo ya Ndani tu, tena kwa hatua maalumu. Tom Winsor, aliyepewa kazi ya kuchunguza suala hilo, alieleza Septemba 2022 kuwa hatua hizo hazikufuatwa. Khan aliipinga ripoti hiyo.

Winsor alikuwa na hoja nzito kuhusu utaratibu. Lakini Machi 2023 ripoti ya Louise Casey ilihitimisha kuwa ubaguzi wa rangi na chuki dhidi ya wanawake vimejikita katika taasisi yenyewe, jambo ambalo Meya alikuwa akilalamikia. Mrithi wa Dick, Mark Rowley, aliyakubali matokeo hayo, ila alikataa kutumia neno "kitaasisi".