Jiwe lililoanguka Mbale ni la nani? Mnada wa New York wafufua swali la zamani

Tarehe 16 Julai 2025, jumba la mnada la Sotheby's mjini New York liliuza jiwe la rangi ya kutu, lenye uzito wa zaidi ya kilo 24, kwa dola za Marekani milioni 5.3, ada zikiwamo. Jiwe hilo lilitoka sayari ya Mirihi na ndilo kubwa kuliko yote ya sayari hiyo yaliyokwisha kupatikana duniani. Liliokotwa Novemba 2023 katika jimbo la Agadez, kaskazini mwa Niger.

Baada ya mauzo hayo serikali ya Niger ilitangaza uchunguzi, ikieleza shaka kwamba jiwe lilitoka nchini kwa magendo. Sotheby's ilijibu kuwa taratibu zote zilifuatwa. Niamey kisha ikasimamisha usafirishaji nje wa mawe ya thamani na vimondo.

Huenda mzozo huo ukaonekana wa mbali kwa wakazi wa Afrika Mashariki. Lakini swali lililozushwa na Niger liliwahi kuanguka, kwa maana halisi ya neno hilo, juu ya migomba ya Uganda.

Alasiri ya Mbale

Tarehe 14 Agosti 1992 kimondo kilipasuka juu ya anga ya Mbale, mashariki mwa Uganda, na vipande vyake vikamiminika juu ya mashamba na makazi. Kipande kikubwa kilikuwa na kilo zipatazo 27. Kingine, cha gramu chache tu, kilipenya majani ya mgomba na kumgonga mvulana kichwani bila kumdhuru sana. Ni miongoni mwa matukio machache mno yaliyothibitishwa ya binadamu kugongwa na kimondo.

Watafiti kutoka Uganda na Uholanzi walipopita kijiji kwa kijiji kuhesabu vipande, walikuta baadhi ya wakazi wamevisaga kuwa dawa. Ulikuwa wakati ambao UKIMWI uliua watu kila siku na hospitali hazikuwa na tiba ya kuwapa. Jiwe lililotoka mbinguni lilionekana kama jibu.

Leo vipande vya Mbale vinauzwa na wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani, vikipimwa kwa gramu. Vivyo hivyo, vipande vya kimondo kilichoanguka karibu na Thika, Kenya, tarehe 16 Julai 2011, vimo katika kabati za wakusanyaji wa ng'ambo. Aliyeokota na aliyenunua walilitazama jiwe lile lile, ila mmoja tu ndiye aliyeijua bei yake.

Uraibu wenye sura mbili

Itakuwa si haki kuwaita wakusanyaji wote wezi. Kukusanya madini, visukuku na vimondo ni uraibu wa karne nyingi, na makumbusho mengi mashuhuri yalianza na kabati la mtu mmoja mwenye udadisi. Katika jangwa la Sahara, wanaoviona vimondo kwanza ni wafugaji wa kuhamahama, ambao macho yao yamezoea kutambua jiwe jeusi juu ya mchanga mweupe. Wao huwauzia madalali, na madalali huyafikisha mawe kwenye masoko kama Erfoud nchini Morocco, au kwenye maonyesho ya kila mwaka ya Tucson, Marekani. Bila mnyororo huo, mengi yangeliwa na upepo na kutu pasipo mtu kuyajua.

Biashara hiyo ina kanuni inayoifaa sayansi pia. Ili kimondo kisajiliwe rasmi na jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa vimondo, ni lazima sampuli ihifadhiwe katika taasisi inayotambulika: gramu 20, au asilimia 20 ya uzito wote, kutegemea kipi ni kidogo zaidi.

Hasara yenyewe imeandikwa ndani ya jina. Jiwe la Agadez linaitwa Northwest Africa 16788. Jina hilo, lenye maana ya Kaskazini Magharibi mwa Afrika, hupewa vimondo vya ukanda wa Sahara ambavyo mahali pake pa kuokotwa hapajathibitishwa kwa usahihi. Maelfu ya mawe yamepewa jina hilo pamoja na namba. Jiwe limefika sokoni, kijiji chake kimepotea njiani.

Tena bei zimepita uwezo wa taasisi za umma. Siku ile ile ya mnada wa jiwe la Mirihi, mifupa ya dinosaria mchanga aina ya Ceratosaurus iliuzwa kwa dola milioni 30.5. Mwaka mmoja kabla, mifupa ya Stegosaurus ilifikia dola milioni 44.6. Makumbusho ya taifa katika nchi maskini hayawezi kushindana na pochi za aina hiyo.

Kutoka El Ali hadi Mbozi

Mfano wenye uchungu zaidi uko Somalia. Karibu na mji wa El Ali, katika mkoa wa Hiiraan, lilikuwapo jiwe la chuma lenye tani 15 hivi. Wafugaji walilijua kwa vizazi na kunolea visu juu yake. Mwaka 2022 wanasayansi nchini Canada walitangaza kwamba kipande chake cha gramu 70 kilikuwa na madini ambayo hayajawahi kuonekana katika maumbile, na moja likaitwa elaliite kwa heshima ya mji huo. Wakati huo, taarifa zilisema jiwe lenyewe limepelekwa China kutafutiwa mnunuzi. Mji ukabaki na jina katika vitabu vya sayansi.

Kinyume chake, kimondo cha Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania, kingali pale pale kilipokutwa. Habari zake ziliwafikia wataalamu mwaka 1930, ingawa wenyeji walikifahamu zamani. Kinakadiriwa kuwa na tani kati ya 12 na 16, kinalindwa kama urithi wa taifa, na wageni hulipa kiingilio kukitazama.

Sheria peke yake haitoshi

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni unataja madini adimu na visukuku, lakini hautaji vimondo kwa jina. Sheria za mataifa mengi nazo zilitungwa kwa kufikiria madini yanayochimbwa na vitu vya kale vilivyofukuliwa. Jiwe lililoanguka jana shambani halimo katika mafungu hayo mawili.

Afrika Kusini iliziba mwanya huo kwa sheria ya urithi ya mwaka 1999, inayosema vimondo na visukuku ni mali ya dola. Morocco imeweka kanuni mahususi za ukusanyaji na usafirishaji wa vimondo. Denmark imekwenda hatua moja mbele: tangu mwaka 1990, anayeokota kisukuku au kimondo cha thamani ya kipekee hukikabidhi kwa taifa, na taifa humlipa.

Malipo hayo ndiyo yanayokosekana katika hatua ya Niger. Marufuku humwambia mfugaji asiuze, bila kumwambia apeleke wapi alichokiokota wala atapata nini. Mwenye watoto wanaongoja chakula atamsikiliza dalali anayefika usiku na fedha taslimu, na jiwe litavuka mpaka bila karatasi yoyote.

Uganda imewahi kuonyesha njia nyingine. Mwaka 2011, fuvu la nyani wa kale mwenye umri wa takriban miaka milioni 20 lilipatikana Napak, Karamoja. Lilipelekwa Paris kuchunguzwa, lakini kwa makubaliano ya wazi kwamba lingerejeshwa Uganda. Fuvu hilo, hata hivyo, lilipatikana na watafiti waliokuwa wakilitafuta. Vimondo huokotwa na mkulima, mchungaji, au mtoto anayerudi shule.

Kimondo kingine kitaanguka siku moja, na hakitatoa taarifa kabla. Atakayekiokota atahitaji kujua mambo matatu asubuhi ile ile: ofisi gani ya wilaya itakipokea, atapewa stakabadhi gani, na atalipwa kiasi gani. Mkazi wa Mbale wa mwaka 1992 hakuwa na jibu hata moja kati ya hayo.