Baraza Lisilokagua Barabara

Mali ya mtu mmoja hulindwa na mtu mmoja. Mali ya watu wengi hudhaniwa kuwa ina walinzi wengi, na kwa dhana hiyo hukosa hata mmoja. Ng'ombe wa jirani akiingia shambani, mwenye shamba hutoka mbio na fimbo mkononi. Lakini barabara ya kijiji ikiliwa, upande mmoja na maji na upande wa pili na watu, ni nani atokaye na fimbo? Kila mtu huuzunguka ufa, huinua suruali yake avuke tope, hulaumu mvua, kisha huenda zake.

Mimi naishtaki tabia hiyo, na zaidi ya hiyo nalishtaki baraza lo lote lililopewa kazi ya kukagua barabara likaketi kitini. Nasema kwamba barabara zetu haziuawi na mvua. Mvua huja kuzika tu. Zimekwisha kuuawa kabla, siku ile mkataba ulipotiwa sahihi bila kusomwa, kazi ilipopokewa bila kupimwa, na fedha zilipolipwa bila kuulizwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na barabara ni mali.

Fikiri kwanza barabara ni kitu gani kwa mtu wa Masinga. Barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa hupita Matuu na Kangonde ikaelekea Mwingi. Ni ya lami, na magari makubwa huipita usiku na mchana. Lakini wengi wetu hatukai kando ya lami. Twakaa Ndithini, Ekalakala, Kivaa, Muthesya, mahali ambapo safari huanza kwa njia ya udongo na changarawe. Embe likiiva halingoji. Pojo ikivunwa hutaka soko. Mbuzi wa mnada hutaka gari. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kuambiwa asubiri mto ukauke. Kwa watu hawa kilomita moja iliyoharibika si usumbufu mdogo, bali ni bei ya mazao iliyoshuka, nauli iliyopanda, na pengine roho iliyopotea njiani.

Haki ya wenyeji kuziangalia barabara zao ina historia, na yafaa uijue. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliunda mabaraza ya wenyeji, na moja katika hayo lilikuwa hapa Machakos. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mabaraza ya kaunti yalikuwa na kazi nzito: shule za msingi, afya na barabara. Hazikukaa mikononi mwao muda mrefu. Sheria iliyotungwa mwaka 1969 ilizihamisha kazi hizo tatu kwa serikali kuu, na baraza la kaunti likabaki na jina kubwa na mkoba mtupu. Tangu hapo kwa zaidi ya miaka 40 mkulima wa Masinga aliyetaka kujua kwa nini kalvati la njia yake limevunjika alilielekeza swali lake kwa ofisi iliyokuwa na mkuu wake mbali.

Katiba ya mwaka 2010 ilirudisha nyumbani kitu kilichokuwa kimechukuliwa. Mwaka 2013 serikali za kaunti zilianza kazi, na barabara za kaunti zikawa chini yao, huku barabara kuu za taifa zikibaki kwa serikali ya taifa. Kifungu cha 185 kililipa bunge la kaunti mamlaka ya kuisimamia serikali ya kaunti yake. Kifungu cha 201 kiliagiza fedha za umma zitumiwe kwa uwazi na uwajibikaji, na wananchi washirikishwe. Kifungu cha 227 kiliagiza ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi, wa ushindani na wa gharama inayofaa. Basi leo mtu hawezi kusema kwamba jicho la kuangalia halipo. Jicho lipo. Swali ni kama limefunguka.

Huenda ukasema, "Mimi ni mwanafunzi, mambo ya mikataba ni ya wakubwa." Chukua kalamu, nikuonyeshe kwamba hesabu uliyojifunza shule ya msingi yatosha kumnasa mwizi. Tuseme mkataba wataka njia yenye upana wa mita 6 itandazwe changarawe yenye unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Kila kilomita moja yahitaji mita za ujazo 900. Mkandarasi akitandaza sentimita 10 badala ya 15, macho ya mpita njia hayaoni tofauti. Njia ni nyekundu, imesawazika, yapendeza. Lakini ametandaza mita 600 tu, na mita 300 zimebaki mfukoni mwake. Kwa lori libebalo mita 10, hizo ni safari 30 ambazo hazikufika, na kwa kweli ni zaidi, kwa kuwa changarawe hupungua inaposhindiliwa. Njia ikiwa na urefu wa kilomita 8, ni safari 240. Mwizi wa kuku hukimbizwa kijiji kizima kwa mawe. Mwizi wa lori 240 huitwa mgeni wa heshima siku ya kufungua barabara.

Kumgundua kwahitaji nini? Kwahitaji jembe la kuchimba shimo dogo, rula ya kupima, na nakala ya mkataba ya kulinganisha. Kwahitaji pia kwamba shimo lichimbwe kabla ya malipo, si baada yake. Wajumbe wa kamati ya barabara wafikao siku ya sherehe, wakakata utepe na kunywa soda, hawakukagua kitu. Wamehudhuria arusi ya mtu mwingine.

Na unene wa changarawe si jambo la pekee. Jambo kubwa kuliko hilo ni maji. Njia njema huwa na mgongo katikati ili maji yateremke kando. Huwa na mitaro, na mitaro huwa na matoleo mengi ili maji yasikusanyike yakawa mto. Mkandarasi akipuuza haya, maji yote hutolewa kwa nguvu mahali pamoja, na mahali hapo ni shamba la mtu. Wazee wetu wa Ukambani walijifunza kwa taabu kuuzuia udongo wao. Walichimba matuta kwa vikundi vya mwethya, mkono kwa mkono, mlima baada ya mlima, hata nchi iliyodhaniwa kuwa imekufa ikawa mfano kwa wataalamu wa nchi nyingine. Je, ni haki kwamba mtaro mmoja uliochimbwa vibaya kwa fedha za umma upasue katika msimu mmoja matuta yaliyolindwa kwa miaka 50? Udongo huo haupotei angani. Hufuata vijito hadi Mto Tana, na njia ya Tana imezibwa na bwawa letu la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 kwa kusudi la kuweka mita za ujazo milioni 1,560 za maji. Kila tope liingialo hupunguza nafasi ya maji, na maji hayo ndiyo huendesha mitambo ya umeme kutoka Masinga hadi Kiambere. Kumbe kalvati baya la kijijini lina mkono wake katika taa ya mjini! Tena dawa yake yajulikana. Kwa jirani zetu wa Kitui na Makueni wako wakulima walioonyeshwa namna ya kuyaongoza maji ya barabara yaingie polepole katika mashamba na mabwawa madogo, na adui akawa rafiki.

Sasa tuutazame ugonjwa wa pili, nao ni kupenda kujenga na kuchukia kutunza. Kiongozi apenda barabara mpya kwa sababu ina utepe wa kukatwa; kuzibua mtaro hakuna utepe. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Benki ya Dunia katika ripoti yake ya mwaka 1994 ilikadiria kwamba dola bilioni 12 za matengenezo kwa wakati wake zingaliokoa dola bilioni 45 zilizohitajika kujenga upya barabara za Afrika katika miaka kumi. Kwa kila dola moja iliyokataliwa mtunzaji, karibu nne zilidaiwa baadaye.

Wala usidhani kwamba matengenezo hayatozwi. Kila lita ya petroli na dizeli inunuliwayo Kenya hukatwa ushuru wa kutengeneza barabara. Mwaka 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Mwaka huo huo wabunge na magavana waligombea shilingi bilioni 10.5 za mfuko huo, kila upande ukidai kwamba ndio wenye haki ya kuzitumia. Mwaka 2025 shilingi 7 katika zile 25 ziliwekwa rehani ili kulipa madeni ya zamani ya wakandarasi. Twaa somo hapa: aliyepanda matatu kwenda sokoni amelipa, na mwenye punda amelipa pia, kwa kuwa chumvi na sukari anunuazo zililetwa na gari. Tajiri na maskini wote ni wenye mkataba. Mafahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi ni sisi.

Watetezi wa usingizi wana hoja zao, nami sitazikwepa. Wa kwanza husema, "Wajumbe wa baraza si wahandisi; wataelewa nini?" Mnunuzi wa kanzu si fundi cherehani, lakini hujua mkono mmoja ukiwa mfupi kuliko wa pili. Baraza halitakiwi kumfundisha mhandisi kazi. Latakiwa kuuliza kama kazi iliyolipiwa ndiyo iliyofanywa. Likikosa ujuzi, na liite mhandisi asiye na fungu katika mkataba ule. Wa pili husema, "Udongo wetu mweusi ni mbaya na mvua zetu ni za ghafla." Kweli, lakini mvua za Machi na za Oktoba hazikuzaliwa jana. Mkandarasi alizijua alipotaja bei yake, na katika bei hiyo alijihesabia fedha za kushindana nazo. Wa tatu husema, "Ukaguzi huchelewesha maendeleo." Basi na anijibu: njia ijengwayo mara moja kwa miezi sita, na njia ijengwayo mara tatu kwa miezi miwili miwili, ipi imetuchelewesha zaidi, na ipi imetugharimu zaidi?

Iko hoja ya nne isiyosemwa kwa sauti, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote: mkaguzi mwenyewe aweza kuwa na lori lake katika kazi ile. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 huwawekea mipaka maofisa wa umma wasifanye biashara na ofisi wanazozitumikia. Lakini ndugu, shemeji na rafiki huweza kuazimwa jina. Hapa hapana ujanja wa kati na kati. Agawaye hawezi kukagua, na akaguaye asigawe. Mahakama ya Juu ya Kenya, mwaka 2022, ilipoamua kwamba sheria ya mwaka 2013 ya mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge ilikiuka Katiba, iliikumbusha nchi nzima kanuni hiyo: kazi ya kutunga sheria na kusimamia isichanganywe na kazi ya kutekeleza miradi. Mjumbe wa wadi aombaye kandarasi ni mchungaji aombaye ngozi ya kondoo wake.

Nadai nini basi? Nadai mambo manne, na hakuna hata moja lililo gumu. Mkataba wa kila njia ubandikwe sokoni na kwenye ofisi ya wadi, katika lugha ielewekayo, ukitaja urefu, upana, unene, bei, jina la mkandarasi na siku ya kumaliza. Kamati ya baraza ifike njiani kazi inapoendelea, si inapokwisha, na ipime mbele ya wenyeji. Sehemu ya malipo izuiliwe hadi njia ivumilie mvua, na kasoro zirekebishwe kwa gharama ya aliyezifanya. Na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zisomwe katika mikutano ya hadhara, kwa maana ripoti isiyosomwa ni kama taa iliyofunikwa kwa chungu.

Nawe, msomaji, una sehemu yako. Kifungu cha 35 cha Katiba humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 imeonyesha namna ya kuziomba. Raia aweza pia kupeleka ombi katika bunge la kaunti. Haki hizi hazihitaji mawe wala kelele. Zahitaji karatasi, kalamu na ujasiri. Na ujasiri si kitu kigeni katika nchi hii. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe wao kwa kisingizio cha kuhifadhi udongo, Muindi Mbingu aliongoza umati kwenda Nairobi kumwuliza gavana, na wakakaa huko wiki kadhaa wakingoja jibu. Watu wale hawakuwa na katiba ya kuwalinda. Kiongozi wao alikamatwa akahamishwa mbali hadi Lamu. Lakini ng'ombe zilirudishwa. Walioweza kumwuliza gavana wa mfalme juu ya ng'ombe watashindwaje wajukuu wao kumwuliza diwani juu ya changarawe?

Jifunzeni kuuliza mngali vijana, maana ulimi uliozoea kunyamaza miaka 20 haufunguki kwa siku moja ya kura. Ulizeni kwa adabu, ulizeni kwa hesabu, ulizeni tena mkinyimwa jibu. Baraza liulizwalo hufumbua macho. Baraza lisiloulizwa hulala, na likilala, njia zetu huliwa.