"Weka GPL, yaishe!" Haiishi

Wenzangu waandika programu, leo nina ugomvi nanyi.

Nimetengeneza kifaa kidogo cha kupima kina cha maji kwenye mikoko hapa Gazi, wakati wa bamvua na wa maji mafu. Bodi moja, kihisi kimoja, betri na kasha. Sasa nataka kutoa michoro yote iwe huria. Nikawauliza: leseni gani? Mkanijibu: "Weka GPL, yaishe!"

Haiishi. Programu ni maandishi, na maandishi yana hakimiliki tangu unapoyaandika. Hiyo ndiyo nguvu ya GPL. Bodi ni kitu. Hakimiliki inalinda mchoro wangu, hailindi jinsi saketi inavyofanya kazi. Mtu akiutazama, akauelewa, akachora wake upya na kuuza, GPL itamshika wapi?

Wengine mkasema nikimbilie hataza KIPI. Hataza hudumu miaka 20, ina ada za kila mwaka, na inataka uvumbuzi mpya. Changu ni vipande vinavyojulikana vilivyounganishwa vizuri. Nilipe ili nimzuie nani?

Walioniudhi zaidi ni wale wa Creative Commons inayokataza biashara. Jamani! Fundi wa redio Msambweni akitengeneza vitano akauza, huyo ndiye ninayemtaka. Kumfungia mlango halafu kujiita huria ni unafiki.

Kwa hiyo nimeamua hivi:

1. Bodi na kasha: CERN-OHL-S toleo la 2, la mwaka 2020. Imeandikwa kwa ajili ya maunzi. Ukibadilisha michoro yangu ukauza kifaa, mnunuzi ana haki ya kupata michoro yako.
2. Programu ya ndani: GPL. Hapo ndipo mahali pake.
3. Maelezo: CC BY-SA.
4. Jina linabaki langu, kama wafanyavyo Arduino. Nakili bodi, usiuze kwa jina langu.

Najua, hata CERN-OHL-S haimkamati aliyechora upya kuanzia mwanzo. Lakini michoro ikishatangazwa na tarehe yake, atakayekuja kesho kuombea hataza kitu kile kile atakuta si kipya tena. Hilo linanitosha.

Mnaoniambia karatasi hazina maana kijijini, njooni Gazi. Mikoko hii ni ya serikali, lakini tangu 2013 Mikoko Pamoja inauza hewa ya ukaa ya hekta 117 na pesa zinarudi kwa jamii ya Gazi na Makongeni. Imewezekana kwa sababu kuna mkataba ulioandikwa na Huduma ya Misitu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kipimo changu ni kimoja: siku kifaa kikiharibika nami sipo, mtu wa hapa aweze kukifungua, kukitengeneza na kukiuza bila kuniomba ruhusa. Leseni isiyofanya hivyo ni pambo tu.

Mnaobisha, karibuni. Ila njooni na hoja, si herufi tatu.