Nani Ataitikia?

Katika mkutano wa chama wa mwezi uliopita tulibishana karibu saa nzima juu ya jambo moja: hafla yetu ya mwisho wa mwaka iwe na muziki gani. Wengi walisema tuazime spika, tuunganishe simu, tupige nyimbo tunazozipenda, basi. Sisi wanne tulisema tuwaite wanamuziki, hata wawili au watatu, waje na ala zao wakae mbele yetu. Hatukuelewana, na suala likaahirishwa mpaka mkutano ujao. Tunaomba nafasi hii tueleze sababu zetu kwa utulivu kuliko tulivyozieleza siku ile.

Sote wanne tumekulia Amerat, nyuma ya milima, katika nyumba ambazo Kiswahili ni lugha ya wazee. Bibi anatuuliza kwa Kiswahili, tunamjibu kwa Kiarabu. Wengi wenu mko hivyo hivyo, ndiyo maana tumekutana kwenye chama hiki. Hatukukua na bendi. Muziki wa Kiswahili kwetu ulikuwa kaseti za zamani, baadaye diski ndani ya gari la baba, na sasa simu. Tunazijua nyimbo nyingi kwa moyo. Lakini hatukujua kwamba kuna sehemu ya nyimbo hizo ambayo hatujawahi kuisikia.

Wawili wetu ni wasichana, na mwaka jana walialikwa harusi moja hapa hapa Amerat. Kama kawaida ya kumbi za wanawake, simu ziliachwa mlangoni. Mbele walikaa mwimbaji, mpiga kinanda na wapiga ngoma wawili, wote wanawake. Katikati ya wimbo mmoja, kwenye ubeti uliomsema jirani anayechungulia chungu cha mwenzake, shangazi wa mmoja wetu alinyanyuka. Ni mtu mpole, hata sauti yake huisikii. Alikwenda mbele polepole kwa mwendo wa ngoma, ameshika noti ya riali moja juu ya kichwa, akamtunza mwimbaji, akageuka akautazama upande mmoja wa ukumbi. Mwimbaji akaurudia ubeti ule ule. Ukumbi mzima ukacheka na kupiga vigelegele. Wenzetu wawili walielewa kila neno la ubeti ule, na hawakuelewa kitu gani kimetokea.

Njia nzima ya kurudi nyumbani mama alikuwa akiwafafanulia. Wimbo haukutungwa kwa ajili ya shangazi, lakini kwa kunyanyuka pale, kwenye mstari ule, ameufanya uwe wake. Amesema na mtu bila ya kumtaja, na mtu mwenyewe amesikia. Mwimbaji naye amemsaidia kwa kurudia. Hakuna aliyerekodi, kwa hiyo asiyekuwepo hana njia ya kuyaona hayo.

Hapa ndipo hoja yetu ilipo. Tunajifunza fumbo darasani. Tunaandika maana yake kwenye mtihani na tunapata alama. Lakini fumbo ni jambo wanalolifanya watu wawili au zaidi, na taarabu ya mbele ya watu ndiyo mahali linapofanyika waziwazi. Rekodi inaimba vile vile, ukinyanyuka usinyanyuke. Mwimbaji aliye hai anakuona. Anajua lini arudie na lini apite haraka.

Ndivyo ilivyo hata kwa mizani na vina. Darasani tunahesabu silabi kwa vidole. Ukikaa karibu na mwimbaji hauhitaji vidole. Unamwona akipumua kwenye kina cha kati, udi unajaza pengo, kisha anaumaliza mstari. Mashairi ya taarabu yana ukoo na yale tunayosoma. Tofauti ni kwamba pale kuna watu wanaosubiri kiitikio chao.

Tena muziki huu si mgeni hapa. Mapokeo ya Zanzibar yanasema kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kutoka 1870 mpaka 1888, aliwaleta wapiga muziki kutoka Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim huko Cairo kujifunza. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa 1905 na bado kipo. Kisha akaja Siti binti Saad, mwanamke wa shamba, akaimba kwa Kiswahili mbele ya watu wa kila daraja, na mwaka 1928 yeye na wenzake wakaenda Bombay kurekodi. Kwa hiyo ulikuwa muziki wa Kiarabu uliogeuka Kiswahili kwa sababu wasikilizaji walitaka kuimbiwa kwa lugha yao. Babu na bibi zetu waliporudi Oman baada ya 1964, na wengine baada ya 1970, walikuja nao. Sisi tunataka usiishie kwenye simu.

Kuna kitu kingine karibu zaidi na nyumbani. Wakati wa tamasha la Muscat la msimu wa baridi, bustani ya Amerat hujaa watu, na vikundi vya ngoma za asili hupiga papo hapo, bila ya tiketi kubwa na bila ya mavazi rasmi. Tulikwenda kuangalia lewa. Zumari lilipoanza tulisogea, na kati ya maneno tukasikia neno la Kiswahili, halafu jingine. Tulifurahi kama watu waliokutana na jamaa sokoni. Baada ya ngoma tulimwuliza mmoja wa wachezaji maana ya maneno yale. Akatuambia kwa Kiarabu, kwa heshima kabisa, kwamba anayaimba kama alivyoyapokea kwa baba yake, na maana ya mengi hana uhakika nayo. Tunamshukuru yeye na wenzake kwa kuyabeba mpaka leo. Lakini tuliporudi nyumbani tulijiuliza: je, taarabu nayo itafika hapo, tuwe tunaimba tu tulivyopokea?

Sasa tujibu hoja za wenzetu, maana zina uzito.

Wa kwanza walisema chama hakina fedha. Ni kweli. Lakini hatuombi jukwaa la Royal Opera House. Tunaomba udi, dumbak na mwimbaji, kwenye ukumbi mdogo, bila ya spika kubwa. Kila mwanachama akitoa riali mbili, na akina mama wakatupikia pilau na mandazi kama wanavyotusaidia kila mwaka, tutafika.

Wa pili walisema taarabu ni mambo ya wazee. Kwa nini basi vijana wa Zanzibar wanaipiga? Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kilifunguliwa huko 2002, na vijana wamejifunza humo udi, ganuni na fidla. Siti and the Band ni kundi lililoundwa na vijana waliopitia hapo, wakachanganya taarabu na muziki mwingine walioupenda. Kila Februari tamasha la Sauti za Busara hukusanya bendi kutoka Afrika nzima. Tusisahau pia kwamba mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika kwa kukosa fedha. Hata kitu kikubwa namna ile kinahitaji mtu wa kukilipia na kukihudhuria.

Wa tatu walisema kuna familia zisizopenda muziki wa ala. Hao tunawaheshimu, na baadhi yetu tumetoka katika nyumba hizo. Ndiyo maana tunapendekeza sehemu ya kwanza ya hafla iwe mashairi ya kughani tu, bila ya ala, kisha mapumziko na chakula. Atakayetaka kuondoka hapo ataondoka bila ya kuulizwa, na hatakuwa amekosa chakula.

La mwisho ni hili, na ndilo lililotufanya tuandike. Babu wa mmoja wetu ana udi ukutani. Tangu tukiwa watoto tuliambiwa tusiuguse, na sisi tukadhani ni pambo. Baada ya mkutano ule tulikwenda kumwomba atupigie kwenye hafla. Alinyamaza kidogo. Akasema mikono yake sasa inatetemeka, lakini nyimbo mbili tatu anaziweza. Kisha akauliza, "Na nani ataitikia?"

Hatukuwa na jibu. Hakuuliza malipo wala ukumbi. Katika ujana wake, mtu hapigi udi peke yake. Anapiga kwa sababu kuna watu wanaolijua zamu yao linapofika. Tukamwomba atufundishe viitikio. Tangu hapo tumekwenda kwake Ijumaa tatu baada ya sala ya alasiri. Tumeshajifunza kiitikio kimoja na nusu, na ametucheka sana kwa namna tunavyolitamka "ng'o".

Kwa hiyo pendekezo letu kwa mkutano ujao ni dogo: mwaka huu tumwite babu na wenzake wawili aliokuwa akipiga nao, tuwalipie usafiri, tukae karibu nao, na simu tuziache mlangoni kama kwenye ukumbi wa harusi. Walimu wetu nao tunawaomba waje, na wasikae mstari wa mbele kama wageni rasmi, wakae kati yetu. Spika tutaziazima mwakani mkitaka. Wanaotaka kujifunza kiitikio, Ijumaa ijayo tutakuwa kwa babu, na nafasi kwenye busati bado ipo.